Kisogo cha Sajini

Wazee wale walikuja studio siku ya soko, na hakuna siku mbaya kuliko hiyo, kwa sababu ndiyo siku watu wa Makwale na Bujonde walioshuka mjini kuuza mpunga wanakumbuka kwamba wanahitaji picha za paspoti. Benchi langu lilikuwa limejaa watu wenye haraka ya kuvuka kwenda Malawi, na umeme ulikatika tangu asubuhi. Wakaingia wazee wanne bila hodi, wakawapita wote waliokaa, na mmoja akaniwekea mezani karatasi iliyolowa mafuta.

"Tunataka hii," alisema.

Ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha Kizungu. Mwaka ule shule moja ya sekondari ilipokea vitabu vya msaada, makasha kwa makasha, na vile ambavyo walimu hawakujua wavifundishie nini viliishia sokoni, ambako akina mama walifungia maandazi na karanga. Mzee wa Bujonde alinunua maandazi, akala, akaigeuza karatasi ajifutie vidole, akakutana na jenerali.

Jenerali huyo alikuwa mzungu mzee mwenye ndevu nyeupe zilizofika kifuani. Alikaa kwenye kiti chenye mikono, kiganja kimoja juu ya goti, kingine kimeshika kofia. Nyuma yake walisimama wazee kama kumi, askari wake wa zamani, nao wana ndevu na makoti mazito. Mmoja alikuwa na mkono wa koti mtupu, umekunjwa na kubanwa kwa pini. Hakuna aliyecheka. Wote walitazama mbele kana kwamba mpiga picha amewakosea adabu.

"Mnataka niwatolee nakala?" niliuliza.

"Tunataka kuwa sisi," alisema mzee wa Bujonde.

Nikaelewa taratibu, huku watu wa benchi wakiguna. Wazee hawa walikuwa wazee wa keya, askari waliochukuliwa ujanani na Waingereza kwenda kupigana na Wajapani huko Burma. Wiki iliyopita mmoja wao alikwenda ofisi ya wilaya kwa shida nyingine, akaona ukutani kwenye korido picha kubwa ya askari waliorudi kutoka vita vya Uganda, imewekewa kioo na fremu. Akauliza, na sisi tuko wapi. Karani akamjibu kwamba wao hawana picha, na asiye na picha hawezi kuning'inizwa. Sasa walitaka picha, na walitaka iwe kama ya jenerali: kiti katikati, wengine nyuma, nyeusi na nyeupe.

Neno hilo la nyeusi na nyeupe ndilo lililonimaliza nguvu. Studio haikuwa yangu. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye ukoo wake ulikuja Kyela kutoka pwani zamani, na ambaye mjini wote tulimwita mzee wa duka. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga na kusafisha picha nilipomaliza shule. Biashara zilipofunguliwa akahamia kwenye mitumba na vitenge, akaniachia studio niiendeshe, na picha zikawa za rangi, zinapelekwa Mbeya kusafishwa na kurudi kwa basi. Ile kamera kubwa ya mbao, unayojifunika nayo kitambaa cheusi, ilikuwa kwenye kona inakula vumbi. Filamu zake zilikuwa zimebaki vipande vitatu na karatasi za kusafishia nusu boksi, na mahali pa kununua nyingine sikupajua.

"Rangi ni nzuri zaidi," niliwaambia. "Mtaonekana hata macho."

"Jenerali ana rangi?" aliuliza mzee wa Makwale.

Huyu wa Makwale ni wa kijiji cha kwetu, nimekua nikimwita baba mdogo, na tangu nikiwa mtoto sijawahi kumwona akikubali jambo kwa mara ya kwanza. Nikakata tamaa, nikakubali ili watoke. Nikauliza tu, kwa sababu lazima nijue jinsi ya kupanga watu, ni nani atakaa kitini.

Wakatazamana.

"Mwenye cheo kikubwa," alisema mzee wa Bujonde. "Sajini."

"Sajini ni nani kati yenu?"

"Hayupo hapa. Yuko Ngonga." Akakohoa. "Ni baba mkwe wako."

Watu wa benchi, ambao kwa nusu saa walikuwa wakilalamika, wakanyamaza wote kwa pamoja ili wasikie nitasema nini.

Kwa asiyejua desturi yetu, nieleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke na baba wa mume wake hawaonani. Si kwamba wamegombana. Ndiyo heshima yenyewe. Akipita njiani, wewe unaingia migombani. Akiwa sebuleni, wewe unapitia jikoni. Jina lake hulitaji, na hata maneno yanayofanana na jina lake unayakwepa na kutafuta mengine. Kizazi changu wengi walikuwa wameshaacha, hasa watu wa kanisani, na kuna wenzangu waliokuwa wanakula meza moja na wakwe zao. Lakini baba mkwe wangu alikuwa mtu wa utaratibu. Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na mmoja, nimezaa watoto watatu waliokuwa wakienda kulala kwake kila likizo, na sikuwa nikijua kama ana pua ndefu au fupi. Nilimjua kwa mwavuli wake mweusi, ambao aliufungua kila aliponiona kwa mbali, mvua iwe au isiwe, na kuuinamisha upande wangu mpaka nipite.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alikuwa karani wa ghala la kakao, na kazi ilikuwa imepungua tangu wanunuzi binafsi walipoanza kuzunguka na mizani zao vijijini, kwa hiyo alikuwa na muda mwingi na maoni mengi.

"Jambo rahisi," alisema. "Nitakwenda kuongea naye."

Akapanda baiskeli kwenda Ngonga, akarudi na jibu: mzee anakubali kupigwa picha, ila asipigwe na mimi. Nikasema vizuri sana, mjini yuko kijana mwenye kamera ndogo ya flashi anayepiga harusi, wamchukue. Wazee wakamkataa. Kamera yake ni ya rangi, na tena kwenye harusi ya mjukuu wa mzee wa Bujonde aliwatoa watu wote na macho mekundu kama wagonjwa. Mume wangu akarudi Ngonga. Akaja na jibu jingine: mzee atakubali nipige mimi, mradi nisimtazame.

"Nitampigaje picha mtu nisiyemtazama?" nilimuuliza.

"Wewe ndiye fundi," alisema.

Kumbe alikuwa ameshakubali kwa niaba yangu na siku walishapanga.

Siku hiyo walifika watano, kwa kuwa mmoja alikuwa ameongezeka, na mkwe wangu wa sita. Niliuona mwavuli unakuja barabarani, nikaingia chumba cha nyuma kama tulivyoagana. Mpango ulikuwa huu. Mkwe atasubiri barazani, nami nitawapanga wale watano kwanza, kiti kikiwa kitupu. Nitatengeneza kamera yote. Halafu nitajifunika kitambaa cheusi na kufumba macho, mkwe ataingia na kukaa, mume wangu ataniambia tayari, nami nitafyatua. Niliona ni upuuzi lakini niliona unawezekana.

Kuwapanga tu ilikuwa kazi ya saa nzima. Mzee wa Makwale hakutaka kusimama nyuma ya bega la kushoto, kwa sababu kwenye ukurasa aliyesimama hapo ndiye asiye na mkono. Mzee mwingine aliyekuja na koti la mitumba, koti la nchi za baridi lenye manyoya shingoni, alianza kutoka jasho mpaka nikahofia ataanguka. Joto la Kyela mwezi wa pili mnalijua. Nilimwomba alivue, alivae tu wakati wa kufyatua.

"Jenerali hakuwavua watu wake makoti," alisema.

Hatimaye nikajifunika. Nikasikia hatua, kiti kikalia, mwavuli ukafungwa. Chini ya kile kitambaa nilifumba macho kama mtoto anayecheza kujificha, mwanamke mzima mwenye watoto watatu.

"Tayari," alisema mume wangu.

Nikafyatua. Nikangoja mpaka hatua zikatoka na mume wangu akaniambia naweza kufumbua. Wazee wakapeana mikono, wakanishukuru, ndaga, ndaga, wakaondoka wamefurahi.

Niliisafisha filamu keshoyake, kisha nikaitoa kwenye karatasi. Kwenye dawa watu wanatokea polepole, kwanza makoti, kisha sura. Wazee watano walitokea vizuri kabisa, wakali, wametulia, hata mimi nilijisifu. Katikati, kwenye kiti, alitokea mtu mwenye mabega mapana, mkono mmoja juu ya goti, kofia juu ya goti la pili, na juu ya kola pale panapotakiwa kuwa uso palikuwa na kisogo. Nywele za mvi zilizokatwa vizuri na sikio moja. Mkwe wangu alikuwa amegeuza shingo mpaka mwisho wake, kwa heshima, ili asitazame upande nilipo.

Na hakuna aliyemwambia, kwa sababu wale watano walikuwa wakitazama mbele kama walivyoagizwa, na mume wangu alikuwa mlangoni akiangalia nje mtu asiingie.

Mume wangu aliipeleka picha Ngonga. Sikujua niseme nini, nikamwambia aseme mwanga ulikuwa mbaya. Akarudi amenuna.

"Mzee amekasirika. Anasema ulipaswa kumwambia ageuke mbele."

"Nimwambie vipi, na siruhusiwi kuongea naye?"

"Ndivyo nilivyomwambia."

"Na yeye akasema nini?"

"Akasema wewe ndiye fundi."

Nilikaa siku mbili siongei na mtu wa familia ile. Kisha nikapata wazo ambalo niliamini litalimaliza jambo zima. Chini ya picha ya jenerali palikuwa na mistari ya Kiingereza, nusu imefunikwa na mafuta. Kiingereza changu ni cha kamusi, lakini mzee wa duka alikisoma vizuri toka enzi za wakoloni, na nilitaka kujua huyu mzungu ni nani hasa. Nikaenda dukani kwake. Akavaa miwani, akausogeza ukurasa mlangoni kwenye mwanga.

"Huyu ni jenerali wa Marekani wa zamani, mwanangu," alisema. "Walipigana wenyewe kwa wenyewe, kusini na kaskazini. Na hawa nyuma ni askari wake, wamekutana tena uzeeni kupiga picha."

"Alishinda?"

"Alishindwa." Akasoma tena, midomo ikicheza. "Upande wake ndio uliotaka watumwa wabaki kuwa watumwa."

Akanirudishia ukurasa. Alikuwa mtu wa maneno mengi kwa kawaida, lakini ukoo wake wa pwani nao ulikuwa na biashara zake za zamani ambazo hakuzizungumzia, na siku ile alirudisha miwani mfukoni na kuanza kukunja vitenge ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa.

Nikawaita wazee studio, nikawaambia kila kitu, bila kuficha kwamba nilikuwa na furaha kidogo. Niliwauliza kama kweli wanataka kuning'inizwa ofisi ya serikali wakimwiga mtu wa namna hiyo.

Nilikosea mahesabu. Badala ya kuacha, wakaanza kubishana, na ubishi wenyewe ulikwenda wiki tatu. Mzee wa Makwale alisema yeye hasimami nyuma ya mwenye watumwa. Mzee wa Bujonde alisema hakuna atakayesimama nyuma yake, watasimama nyuma ya sajini wao, mtu wa Ngonga. Mzee wa koti la manyoya alitaka kujua kama wale askari wa nyuma waliambiwa vita ni vya nini kabla ya kuchukuliwa, kwa sababu yeye hakuambiwa, alikamatwa akitoka kuvua samaki, na habari za Wajapani alizisikia akiwa melini. Hapo wakaacha habari za jenerali kabisa, wakaanza kusimuliana habari za melini, nani alitapika na nani alilia, na mimi nikabaki nimesimama na ufunguo mkononi, nataka kufunga.

Mume wangu alilipeleka swali Ngonga. Jibu lilikuja fupi: sajini anasema Waingereza waliompa tepe zake hawakumuuliza anawapenda au hawapendi, na kwamba yeye hataki vita vya mzungu yule, anataka namna alivyokaa. Mistari ya chini ikatwe. Nikachukua mkasi nikaikata mbele yao, na mzee wa Makwale akasema haya, kwa shingo upande.

Likabaki tatizo la kisogo.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza, mito imejaa, na barabara ya Ngonga kuna siku ilipitika kwa miguu tu. Wazee walikuja kwangu kwa zamu kuniletea mapendekezo. Mmoja alitaka nivae miwani nyeusi. Mwingine alitaka nimfundishe mume wangu kufyatua, nikawaambia mume wangu akishika kamera ile ataivunja, na hilo hata yeye hakulikataa. Siku moja mzee wa Bujonde aliniuliza kwani ndani ya kile kitambaa kuna nini. Nikamfunika aone mwenyewe, huku mzee wa Makwale akiwa amekaa mbele.

Alikaa humo muda, kisha akacheka, mzee ambaye huwa hacheki.

"Miguu yake iko juu," alisema. "Kichwa kiko chini. Na ni mdogo kama panya."

Nikawaeleza kwamba ndivyo kamera ile ilivyo, kwenye kioo cha nyuma watu wote hugeuka, na sisi mafundi tumezoea.

"Kwa hiyo humwoni mtu," alisema mzee wa Bujonde. "Unaona kijipicha kilichopinduka."

"Ni kama hivyo."

Wakafanya kikao hapohapo, mimi nikiwa nasafisha vyombo. Wakaamua kwamba desturi inakataza kumtazama mkwe, lakini hakuna mzee aliyewahi kusikia inakataza kutazama kijipicha chake kwenye kioo, miguu juu. Mzee wa Makwale, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, alikubali jambo lilipotajwa. Nilitaka kuwauliza mbona hawakulifikiri hilo kabla sijafumba macho na kupoteza filamu, nikaendelea kusafisha vyombo.

Sajini alipopelekewa uamuzi huo alisema hawezi kuamini kwa kusikia. Anataka aone kioo mwenyewe kwanza.

Akaja siku ya mvua ya manyunyu. Niliingia chumba cha nyuma kama kawaida na kuwasikia wakiingia, sita wote. Mume wangu akaja kuniambia kuna shida ndogo.

"Shida gani tena?"

"Mzee amejifunika kitambaa. Anasema ili ajue unachokiona wewe ukimtazama yeye, lazima atazame yeye ukiwa wewe kitini."

"Mimi?"

"Wewe. Kwenye kiti cha jenerali. Amesema ameshajifunika, hatafunua mpaka urudi huku."

Sikuwa na hasira tena, nilikuwa nimefika mahali ambapo hasira inachoka. Nikatoka. Kamera ilikuwa imesimama kwa miguu yake mitatu, na nyuma yake kulikuwa na miguu miwili ya mzee, viatu vyenye tope na suruali iliyopigwa pasi, juu yote kitambaa cheusi. Wazee watano walisimama nyuma ya kiti tayari. Nikakaa. Nilikuwa na kitenge cha kazini chenye madoa ya dawa na kilemba kimelegea. Sikujua mikono niiweke wapi, nikaiweka magotini.

Alikaa humo muda mrefu. Nje mvua iliongezeka juu ya bati. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeingia migombani, kwenye mpunga, nyuma ya milango, na sasa mtu huyu alikuwa ananitazama wakati mimi natazama kioo cha lenzi, na nilihisi shingo inataka kugeuka yenyewe. Nikamwelewa kidogo kuhusu kisogo.

Kisha sauti ikatoka chini ya kitambaa, nzito, kwa Kinyakyusa, ikiongea na mume wangu.

"Mwambie mkeo amekonda. Anakula?"

Mume wangu, ambaye alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, akanigeukia na kuniambia, "Mzee anasema umekonda. Unakula?"

"Mwambie nakula," nilisema. "Mwambie ni kazi."

"Anasema anakula, ni kazi."

"Mwambie apunguze."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na zaidi nilitaka kumwambia kwamba kazi iliyonikondesha mwaka ule ni hii yake. Nikarudi chumba cha nyuma mpaka nikasikia kiti kikilia tena. Wakaniita, nikatoka nikiwa nimeinama nikitazama sakafu, nikaingia chini ya kitambaa. Safari hii nilifumbua macho.

Alikuwa pale kwenye kioo, mdogo, kichwa chini. Ana pua fupi. Ana mdomo wa mtoto wangu wa pili, ule mdomo wa kununa ambao siku zote nilimlaumu mume wangu kwa kumrithisha. Sasa nilijua umetoka wapi. Alitazama mbele moja kwa moja, kiganja gotini, kofia kwenye goti la pili. Ndipo nilipoona kwamba wote sita, katika yale majuma ya mvua na ubishi, walikuwa wamefuga ndevu kama za wazungu wale. Za mzee wa Bujonde zilijaa vizuri. Za mzee wa Makwale zilikuwa nywele chache, kama za mbuzi mchanga.

Nikafyatua. Nilikuwa na kipande kimoja cha akiba lakini kiliingia unyevu, kwa hiyo hiyo moja ndiyo ikawa picha. Ilitoka nzuri, isipokuwa mzee wa Makwale alifukuza nzi wakati ninahesabu, na akatoka na nyuso mbili, moja ikitazama mbele, nyingine ikitazama mlango. Akadai irudiwe. Nikamwambia filamu zimekwisha, ambayo ilikuwa kweli, na kwamba hata zingekuwepo nisingerudia, ambayo pia ilikuwa kweli, na baba mdogo hakunisalimia mpaka mavuno.

Niliitengenezea fremu, mume wangu akaipeleka wilayani. Ikakaa kabatini miezi. Karani kwanza alitaka barua ya kata. Barua ilipopatikana akataka majina na vyeo viandikwe chini, kwa mpangilio. Hapo pia ilinibidi nimwachie mume wangu, kwa kuwa jina la mkwe sitamki wala siandiki. Akaandika akiwa na haraka, kwa wino, kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa ndani ya kioo, na baba yake mzazi akamwandika koplo.

Siku picha iliponing'inizwa wazee walikwenda kuiona wakiwa wamevaa makoti. Mzee wa Makwale ndiye aliyesoma kwa sauti. Aliporudi mjini alipita studio makusudi kuniambia, amefurahi sana, kwamba serikali imemshusha sajini cheo. Yeye mwenyewe alikuwa koplo.

Mume wangu alitumwa na baba yake mara tatu kwenda kusahihisha. Mara ya kwanza karani alikuwa likizo. Mara ya pili alikuwa amehamishwa, na mpya hakujua picha ni ya nani. Mara ya tatu aliambiwa kilichokwisha kuwekwa ukutani hakiguswi bila kibali, na kibali hakijulikani kinatolewa na nani. Kila mara alirudi na kunieleza kwa kirefu, na kila mara nilimsikia mzee wa Ngonga ndani ya maneno yake, hanilaumu, anauliza tu.

Asubuhi moja nilifunga studio, nikachukua bisibisi, kalamu ya wino na kipande cha karatasi, nikaenda wilayani kwa miguu. Nilimwambia mlinzi nimekuja kusafisha picha, mimi ni fundi. Akaniletea na ngazi. Nikashusha fremu, nikafungua nyuma, nikabandika karatasi ndogo juu ya lile neno na kuandika Sajini kwa mwandiko wangu bora. Jina lenyewe, lililofuata, nililifunika kwa kiganja ili nisilisome. Nikafunga skrubu zote, nikairudisha ukutani, nikaifuta vumbi pamoja na ile ya vita vya Uganda iliyokuwa jirani, kwa kuwa nilikuwa nimeshasema nimekuja kusafisha.

Mlinzi alisimama chini ya ngazi akiitazama.

"Huyu mwenye nyuso mbili ni nani?" aliuliza.

Nikamwambia jina la baba mdogo, na kijiji, na kwamba ana matatizo ya kutulia. Kisha nikateremka na kurudi mjini haraka, maana ilikuwa siku ya soko na benchi lingekuwa limeshajaa.